Herufi za Mama Zilianza Kunywea

Mama yangu hajawahi kunitumia ujumbe wa simu hata mmoja tangu nije Marekani, na huu ni mwaka wa kumi na sita. Simu anayo. Anapokea, anasalimia, anauliza kama nimekula, kisha anamkabidhi mdogo wangu wa kiume anayeishi naye. "Simu ni ya salamu," aliniambia zamani. "Unadhani unaongea na mimi, kumbe sebule nzima inakusikiliza. Ukiwa na neno, andika."

Basi tukaandikiana. Barua zake zilitoka Mpwapwa kupitia sanduku la posta la kanisa, zikazunguka huko nisikokujua, na baada ya wiki nne au sita zikaangukia kwenye kisanduku changu cha chuma, ukumbi wa chini wa jengo letu hapa Riverdale Park, katikati ya matangazo ya piza na ya madaktari wa meno. Nilizitambua kwa kuzigusa tu. Mama alifundisha darasa la kwanza maisha yake yote ya kazi, na alizoea kukandamiza kalamu kama mtu anayeandika ubaoni kwa chaki. Ukipitisha kidole nyuma ya karatasi, unayahisi maneno yamefanya matuta.

Kila barua ilianza namna moja: "Huku tunapumua. Wasiwasi uko kwako, maana mlango wa nyumba yako siujui." Kwa miaka mingi niliyasoma maneno hayo haraka haraka ili nifike kwenye habari. Sikuwaza kwamba wasiwasi ungeweza kugeuka na kuelekea upande wa pili.

Kazi yangu ni kutunza wazee majumbani mwao. Wakati huo nilikuwa na mzee mmoja Arlington, mwanajeshi mstaafu, mrefu na mpole, mgonjwa wa Parkinson, ule ugonjwa wa kutetemeka. Nilimfikia kwa treni mbili na basi. Asubuhi moja mke wake aliniita jikoni, akafungua kabati na kunionyesha orodha ya vitu vya dukani iliyobandikwa ndani ya mlango. Mumewe aliiandika miaka kadhaa nyuma. Herufi zilisimama wima kama askari gwarideni. Halafu akatoa nyingine mfukoni, ya wiki ile. Neno la kwanza lilikuwa maziwa, limeandikwa vizuri tu. Mkate ulikuwa mdogo kidogo. Kufika kwenye mayai, zilikuwa nyayo za sisimizi.

"Mkono ulitangulia," aliniambia. "Kabla hajaanza kutetemeka, kabla ya miguu. Mimi nilidhani anabania karatasi."

Mtaalamu wa mazoezi aliyekuwa akija siku za Alhamisi alinieleza kwamba mgonjwa mwenyewe haoni. Anaamini ameandika herufi kubwa kama zamani. Mkono unamdanganya, na macho yake yanaukubali uongo huo. Ndiyo maana alimpa mzee karatasi za mistari mipana, akamwambia aandike kwa kupiga kelele, yaani herufi ziwe kubwa hadi zimtie aibu. Nilisikiliza kama ninavyosikiliza mambo yote ya kazini, nikamfunga mzee vifungo vya shati, nikarudi nyumbani.

Jumamosi iliyofuata binti yangu, aliyekuwa na miaka kumi na mitatu, alitakiwa kupeleka shuleni kitu cha kale cha familia. Nikamshushia boksi la viatu lenye barua za bibi yake. Alizaliwa huku, Kiswahili anakielewa chote, lakini hunijibu kwa Kiingereza. Alizimwaga barua juu ya meza, akasema hawezi kuzisoma, herufi zimeshikana mno, shuleni kwao wanaandika kwa kompyuta tu. Akaanza kuzipanga kama karata. Baada ya muda akauliza, kwa Kiingereza chake, kwa nini mwandiko wa bibi unazidi kuwa mdogo.

"Mdogo vipi?"

Alinionyesha kwa kidole. Yeye asiyeweza kusoma neno hata moja aliona maumbo tu, na maumbo hayakumficha kitu. Barua za miaka ya nyuma zilijaza ukurasa. Za mwaka uliotangulia zilikuwa na ukingo mpana upande wa kulia, kana kwamba mistari ilichoka njiani. Tatu za mwisho zilianza na herufi za kawaida juu, kisha zikanywea kila mstari, hadi pale chini aliposaini, "Mimi mama yako," pamekuwa uzi.

Hizo tatu nilikuwa nimezisoma dirishani kwa kukunja uso. Nilidhani ni macho yangu. Nilikwenda hata duka la dawa nikanunua miwani.

Niliziweka sambamba, nikaikumbuka ile orodha ya Arlington. Binti yangu aliniuliza kama kuna tatizo. Nikamwambia hapana, achague moja apeleke shule, ila asichague hizi.

Kesho yake nilimpigia mdogo wangu simu, saa ambayo huko walikuwa wameshatoka kanisani.

"Mama anaendeleaje?"

"Mzima."

"Mzima vipi?"

"Mzima, dada. Anakula, anasali, anagombana na kuku."

"Anatembeaje?"

"Kwa miguu," alisema, akacheka peke yake.

"Herufi zake zimekuwa ndogo."

"Herufi?"

"Kwenye barua. Zimenywea."

"Dada, mtu ana miaka sabini na moja. Unatafuta ugonjwa kwenye karatasi? Hiyo kazi yako itakutia wazimu."

Nikamwambia ageuze kamera nimwone mama. Alikuwa amekaa barazani, kanga imemfunika kutoka mabegani hadi mapajani, ingawa jua lilikuwa linawaka nyuma yake. Nikamtania kuhusu jogoo wake mkorofi. Mdomo wake ulisema, "Wewe mtoto umenichekesha," lakini uso haukucheka. Ulitulia kama maji ya mtungini. Uso wa namna hiyo nilikuwa nikiuosha kila asubuhi Arlington.

"Mama, nipungie mkono."

Akatoa mkono wa kushoto.

"Na ule mwingine?"

"Umepumzika," alisema, akamrudishia mdogo wangu simu.

Baada ya hapo nilianza kukiogopa kisanduku cha barua. Nikikikuta kitupu, niliwaza kwamba ameshindwa kuandika. Nikikuta bahasha, ningejua ameshindwa kwa kiasi gani. Nikitoka kazini nilisimama ukumbini na ufunguo mkononi, treni ya mizigo inapita katikati ya mji wetu mdogo na kutikisa vioo vya mlango, na nilisubiri ipite yote ndipo nifungue, kana kwamba hilo lingebadilisha kilichomo.

Barua ikaja mwisho wa mwezi wa pili. Nilichana bahasha palepale. Mwandiko ulikuwa mkubwa, mzuri, umenyooka kutoka ukingo hadi ukingo. Ile M ya mama yenye mabega, ile g yenye mkia uliokunjwa kama ndoano. Nilisema "Asante Mungu" kwa sauti, jirani aliyekuwa akisubiri lifti akageuka. Mdogo wangu alisema kweli. Kazi ilinitia wazimu.

Nilipanda ngazi nikisoma. Huku tunapumua. Wasiwasi uko kwako. Mvua zimechelewa, kwahiyo mahindi ya bondeni yameungua.

Nikasimama kwenye ngazi.

Kwahiyo. Neno moja. Mama yangu alikuwa mtu wa kusimamisha matangazo ya kanisa ili kumwambia mwinjilisti kwamba "kwa hiyo" ni maneno mawili. Nilichapwa kwa neno hilo nikiwa darasa la kwanza, na mwalimu aliyenichapa ni yeye mwenyewe. Nikaigeuza karatasi, nikapitisha kidole nyuma. Ilikuwa laini. Hapakuwa na tuta hata moja.

Niliingia ndani nikakaa na koti mwilini. Mtu fulani aliijua M yake, g yake, salamu zake, hata namna anavyouita mlango wa nyumba yangu. Mtu huyo alikaa nyumbani kwetu akaandika kama mama, na mama alikuwa wapi wakati huo? Mwishoni paliandikwa: "Usiwe na haraka ya kuja. Huku hakuna kinachokuhitaji." Mstari huo niliusoma hadi ukapoteza maana.

Ilinichukua siku mbili kujua. Nilikuwa namnywesha mzee uji, akili yangu iko Mpwapwa, nikaanza kuwakumbuka wanafunzi wa mama. Nusu ya mji ule iliandika g yenye ndoano, kwa sababu nusu ya mji ule aliifundisha yeye. Na mmoja wao aliolewa na mdogo wangu. Wifi yangu ndiye aliyekuwa akipita kanisani kuchukua barua, akitoka kwenye cherehani yake sokoni.

Ningeweza kumpigia simu. Lakini kwenye simu nilishadanganywa, na wifi yangu asingeweza kunijibu ukweli huku mama akiwa kiti cha pili. Nikaandika. Nilitia bahasha ndogo ndani ya bahasha kubwa yenye jina lake, juu ya ile ndogo nikaandika: "Wifi, usome peke yako." Ndani niliandika mistari michache: "Wifi yangu, mwandiko wako ni mzuri. Mama alikufundisha vizuri. Sasa niandikie kwa mwandiko huohuo, lakini maneno yawe yako."

Jibu lilichukua wiki tisa. Katika wiki hizo niliongea na mama kila Jumapili. Aliniuliza kama nimekula. Nilisema nimekula. Sauti yake ilikuwa imeanza kushuka. Nilimwomba arudie, naye akadhani ni mtandao, nami nikamwacha adhani hivyo.

Barua ya wifi niliisomea kwenye kituo cha basi. Nainakili jinsi ilivyokuwa.

"Wifi, nisamehe. Mama alianguka uani mwezi wa tisa. Sisi tulikuwa kazini. Tuliporudi jioni tulimkuta amekaa chini palepale, akasema alikuwa anaota jua. Ndoo ilikuwa imelala pembeni na maji yamekwisha kukauka. Mkono wa kulia unatetemeka ukiwa umetulia, ndiyo maana anaufunika. Vifungo hawezi. Barua yako alikuwa anaiandika asubuhi nzima, nusu ukurasa, kisha anaichana. Siku moja akaniita, akasema, wewe nilikupa mia kwa mia kwenye mwandiko, kaa hapa. Yeye akasema, mimi nikaandika. Alituapisha kwa Biblia, mimi na mume wangu. Alisema ukijua utakuja, na ukija hutarudi, na mtoto utamwachia nani. Hospitali hajaenda. Anasema ni uzee."

Sababu ya mama nilimpa mimi mwenyewe, kwa mkono wangu. Maombi yangu ya ukaazi yalikuwa kwenye foleni mwaka wa nne, na mwanasheria wangu kule Alexandria aliniambia nisivuke mpaka bila kibali. Nikivuka, jalada linafungwa nami nakaa nje. Nilimwandikia mama hayo yote kwenye barua, kama nilivyomwandikia kila kitu. Akaisoma, akaikunja, akaupeleka mkono wake chini ya kanga.

Nilimpigia mdogo wangu siku hiyohiyo.

"Alituapisha, dada," alisema kabla sijamaliza salamu. Ina maana alikuwa akiisubiri simu hiyo.

"Mpeleke hospitali, Dodoma."

"Hataki."

"Sijakuuliza kama anataka."

Halafu akaanza kulia, mwanaume mzima, akaniambia kila akiondoka asubuhi anaogopa atakachokikuta jioni. Alimpeleka wiki hiyo. Daktari alimtazama anavyoingia mlangoni, akamwambia aandike jina lake mara tano kwenye karatasi, na kabla ya jina la tano daktari aliweka kalamu yake mwenyewe chini, ameshaona. Ulikuwa ugonjwa uleule wa mzee wa Arlington. Akampa dawa. Zilisaidia, baada ya mwezi mama aliweza kufunga vifungo viwili vya juu na kwenda kanisani kwa miguu.

Mimi niliomba kibali, nikasubiri. Kilichukua miezi saba. Katika miezi hiyo barua ziliendelea kuja, kwa mwandiko wa wifi, na sasa hakuna aliyejificha. Chini kabisa wifi aliacha nafasi kwa ajili ya mama. Mara ya kwanza mama aliandika mstari mzima, mdogo kama mshono wa sindano. Barua ya pili yalikuwa maneno mawili: "Huku tunapumua." Ya tatu, "Huku." Ya nne ilikuwa na alama ya wino pale kalamu ilipogusa karatasi, na wifi aliandika pembeni, "Amechoka leo." Nilipitisha kidole nyuma ya ile alama. Palikuwa na tundu.

Nilipofika Mpwapwa nilimkuta barazani. Hakusimama. Nilipiga magoti, akanishika kichwa kwa mikono yote miwili, na mmoja ulikuwa unagongagonga kwenye sikio langu bila kukoma. Amekuwa mwepesi. Akili yake ilikuwa nzima, kali kama zamani, na swali lake la kwanza baada ya salamu lilikuwa la kimwalimu.

"Nani alikuambia?"

"Wewe, mama. Herufi zako."

Akafikiri. "Zilikuwaje?"

"Ndogo. Ndogo sana."

"Mimi niliona ni zilezile," alisema, na kwa mara ya kwanza nikamwona ameogopa.

Sikuweza kujizuia nikamwambia angenieleza ukweli, mimi ni mwanawe, kazi yangu ni hiyohiyo, natunza wazazi wa watu.

"Ningekuambia, ungekuja. Ungekuja, ungekwama."

"Wewe ni mama yangu."

"Na wewe ni mama wa mtu. Au umesahau?"

Nilikaa wiki tatu, binti yangu akinisubiri kwa rafiki yangu huku Marekani. Nilimfundisha wifi namna ya kumwinua kitandani bila kuumiza mgongo, nikaondoa mikeka inayoteleza, nikamwekea mdogo wangu saa ya dawa kwenye simu. Zilikuwa siku nzuri. Tulicheka, hata kama uso wa mama haukucheka. Siku ya mwisho alikunywa chai barazani akakohoa. Kikohozi kidogo, kimoja, kisha kingine. Mdogo wangu hakukisikia. Wifi alimpa kitambaa, akaendelea kuchambua mchele. Mimi nilikisikia, na sikusema kitu, kwa sababu gari la kunipeleka lilikuwa limeshafika, na kwa sababu nilitaka kiwe kikohozi tu.

Uwanja wa ndege huku ofisa alikigeuza kibali changu mbele na nyuma, akatazama kioo cha kompyuta, akamwita mwenzake. Waliniweka kwenye chumba cha viti vya plastiki. Hawakuniambia kosa langu, wala hawakusema kwamba sina kosa. Baada ya saa mbili wakanirudishia karatasi wakaniambia niende.

Jumatatu nilikwenda Arlington. Mke wa mzee alinifungulia mlango, na nyuma yake sebuleni niliona kitanda cha hospitali pale palipokuwa na kochi, na mfuko wa chakula umening'inia kwenye chuma, na mpira unashuka hadi chini ya shuka.

"Hawezi kumeza tena," aliniambia. "Chakula kiliingia kwenye mapafu."

"Ilianza lini?"

"Hata sikuona kama imeanza. Kilikuwa kikohozi kidogo tu, wakati wa chai."

Nilimgeuza mzee ubavu, nikamsafisha, nikamkata kucha. Kwenye basi la kurudi nilitoa daftari langu, na sikuanza na salamu. Niliandika kurasa mbili, mbele na nyuma, kwa herufi kubwa. Wifi, chai ya mama isiwe nyepesi, mpe uji au maziwa mazito badala yake. Akinywa akae wima, kidevu akishushe, asiinue kichwa. Asizungumzishwe akiwa na chakula mdomoni. Asilazwe nusu saa baada ya kula. Akikohoa mara mbili, acha. Sauti yake ikikoroma kama koo lina maji baada ya kumeza, acha. Akipata homa bila mafua, usingoje Jumatatu, mpelekeni siku hiyo. Bandika karatasi hii jikoni, mahali ambapo kila mtu ataiona, hata mama.

Asubuhi yake niliipeleka posta kabla ya treni. Karani aliibandika stempu, akaitupa kwenye tenga, akaniambia itachukua wiki tano hivi. Nilitoka nje nikasimama kwenye kona ya barabara, malori yanapita, nikawaza chai ngapi mama atakunywa katika wiki tano. Nikatoa simu nikampigia wifi. Kule ilikuwa alasiri. Nilisikia cherehani ikisimama.

"Mama hajambo," alisema haraka. "Anakohoa kidogo tu."

"Wifi, kuna mambo nimekuandikia, ila yasingoje posta. Nikusomee?"

"Ngoja," alisema, nikasikia droo inafunguliwa. "Ngoja nichukue kalamu."